Kumfundisha Mzee Kuendesha Kiti cha Magurudumu Nyumbani

Mwalimu mmoja wa mtaa wa mlimani ametuletea barua, na swali lake tumeliona kuwa si lake peke yake. Aandika hivi: "Tuna mzee aliyepatwa na kiharusi, akapooza upande wa kuume. Watoto wake walio mjini wakamletea kiti cha magurudumu, kizuri, kipya. Sasa ni mwezi wa tano, na kiti kimetundikwa darini pamoja na mahindi ya mbegu. Mzee hulala mchana kutwa. Watoto wasema, Baba ni mtu mzima mno, hawezi kushika fundisho jipya. Tukimwachia kiti atajiumiza. Je, wasema kweli?"

Twajibu upesi: La, si kweli. Mtu wa miaka 70 au 80 aweza kujifunza kuendesha kiti, ikiwa kiti kinamfaa na mwalimu wake ana saburi. Lakini hatuwalaumu watoto hao, maana sisi nasi tulikuwa na mawazo yayo hayo mpaka tulipofundishwa kwa aibu.

Habari yenyewe ni hii. Katika usharika tulioutumikia zamani alikuwako bibi mmoja ambaye miguu yake haikuwa na nguvu tena ya kumchukua. Siku moja tulikwenda kumtazama, tukamkuta ameketi kitini mwake katika chumba chenye giza. Tukaona huruma, tukasema mioyoni, Heri tumtoe nje aote jua. Hatukumwuliza neno. Tulishika mipini ya nyuma, tukasukuma kwa nguvu kupita mlangoni, tukateremka naye uani, uso mbele. Magurudumu madogo yakagonga mzizi wa mparachichi. Kiti kikasimama ghafula, naye bibi hakusimama. Alianguka kwa magoti na viganja. Tulipokwisha kumwinua na kumpangusa vumbi alitutazama kwa kitambo, akasema, "Mchungaji, mwanangu, ulikuwa ukikimbilia wapi? Mimi sikuwa na safari."

Magoti yalipona kwa majuma mawili. Lakini kiti hakukitaka tena, hata ikapita miezi minne. Aliyemrudisha kitini si sisi, bali mjukuu wake, kijana wa shule, ambaye alikuwa na akili ya kumwuliza kwanza, "Bibi, wataka kufika wapi?" Naye akajibu kwamba ataka kufika jikoni, aangalie kama mkwewe anaziunguza ndizi. Basi safari ya kwanza ikawa ya jikoni, hatua zipatazo 20, na ilichukua siku tisa kuifikia. Mkwewe hakufurahi sana, lakini hayo ni mambo ya nyumba yao.

Tangu hapo tumeuliza kwa wauguzi na kwa mafundi wa viti, tumesoma, na tumeketi wenyewe katika kiti na kujaribu. Tuliyoyapata twawaandikia, hasa ninyi walimu wa mitaa, kwa kuwa ninyi ndio mnaoingia katika nyumba za wazee kila juma.

Kwanza yafaa mjue ya kuwa jambo hili ni kubwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2023 mwongozo mpya juu ya viti vya magurudumu, na lasema kwamba watu wapatao milioni 80 ulimwenguni wanahitaji kiti cha namna hiyo, na walio wengi hawanacho. Shirika hilo hilo lilikuwa limekwisha kutoa mwongozo mwingine mwaka 2008 kwa ajili ya nchi zisizo na mali nyingi, nao ulitaja hatua nane za kumpatia mtu kiti: tangu kumwandikisha na kumpima, kuchagua kiti, kutafuta fedha zake, kukitengeneza, na kumketisha ili kionekane kama kinamkaa sawasawa. Hatua ya saba ni kumfundisha mwenye kiti pamoja na watu wa nyumbani mwake, na ya nane ni kukitunza kiti na kurudi kumtazama. Twafikiri wasomaji wetu wameona kama sisi tulivyoona, kwamba mara nyingi watu huishia katika hatua ya tano. Kiti hushushwa garini, picha hupigwa, watu hupiga makofi, na mzee huachwa na chombo asichokijua, kama mtu aliyepewa baiskeli bila kuonyeshwa namna ya kuipanda.

Katika Canada wako watu waliolishughulikia jambo hili la kufundisha kwa miaka mingi. Katika Chuo Kikuu cha Dalhousie, mji wa Halifax, daktari Lee Kirby na wenzake walipanga mafundisho yote ya kiti, moja moja, tangu kufunga breki mpaka kupanda kingo za barabara, na kila fundisho lina kipimo chake. Wengine wa vyuo vikuu vya British Columbia na Manitoba waliwafikiria wazee hasa, ambao kwenda hospitali mara kwa mara ni taabu kwao. Wakaweka mafundisho ya picha ndani ya kompyuta ndogo ya kushikwa mkononi, ili mzee ajizoeze nyumbani kwake kwa majuma machache, na mwalimu akimtazama kwa mbali. Sisi hatuna haja ya kungoja kompyuta. Neno la maana ni kwamba mahali pa kujifunzia ni nyumbani, penye kizingiti chake mwenyewe na ua wake mwenyewe.

Wala msidhani kwamba kujiendesha ni jambo la juzi. Mwaka 1655, katika mji wa Altdorf karibu na Nürnberg, fundi wa saa aitwaye Stephan Farffler, ambaye miguu yake haikuweza kumchukua, alijitengenezea kiti cha magurudumu matatu, akakizungusha kwa mikono yake kwa vyuma vyenye meno kama vya saa. Hakuona vema kungoja msukumaji.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kabla ya kumfundisha mzee, kitazameni kiti. Akiketi, nyonga zake zisibanwe wala zisiogelee. Kati ya ukingo wa mbele wa kiti na nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole viwili vitatu hivi, maana kiti kirefu mno humvuta mtu ateleze mbele, akaketi kwa mgongo badala ya matako. Nyayo zikae juu ya vikanyagio bila kuning'inia, na mapaja yalale juu ya mto. Tena pawe na mto. Kuketi juu ya kitambaa kitupu cha kiti kutwa nzima ni kuvitafuta vidonda. Mikono ikining'inia kando, ncha za vidole zifike kwenye kitovu cha gurudumu kubwa au karibu nacho. Ikiwa kiti hakimkai, msimlazimishe, bali mpelekeni kwa fundi. Sisi tulio upande wa kaskazini ya Tanzania tuna neema, kwa sababu Moshi pana chuo cha TATCOT, kilichoanza mwaka 1981 penye hospitali ya KCMC, kinachofundisha mafundi wa viungo vya bandia, na viti vya magurudumu pia vimekuwa katika mafundisho yake. Na mzee mwenye ugonjwa wa moyo au pumzi fupi na aonwe na daktari kwanza.

Kisha mwalimu aketi kitini yeye mwenyewe. Tulipofanya hivyo, jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba mwimo wa mlango huchubua vifundo vya vidole. Ndipo tulipoelewa kwa nini bibi yule alikuwa akiogopa milango. Mlango wenye nafasi ya sentimita 80 hupitika vizuri. Ulio mwembamba zaidi wahitaji mzee aache kusukuma magurudumu, ashike mwimo kwa mikono miwili na kujivuta.

Somo la kwanza ni breki. Huonekana kuwa jambo dogo, lakini wengi huanguka kwa ajili yake. Mzee ajifunze kuzifunga zote mbili na kuzifungua, kwa mkono mmoja na kwa mwingine, hata aweze bila kutazama. Ajue pia kwamba breki hizi ni za kukifunga kiti kilichokwisha kusimama, si za kukisimamisha kiti kinachokwenda. Kiti kinachokwenda husimamishwa kwa mikono: mtu huzishika zile pete za kusukumia kwa wororo, akaziacha ziteleze kiganjani huku akizidi kukaza polepole.

Kusukuma nako kuna njia yake. Wazee wengi hudonoadonoa, yaani husukuma kwa vipigo vifupi vingi, na baada ya muda mabega huuma. Afadhali mkono uanzie nyuma kidogo ya sehemu ya juu ya gurudumu, usukume kwa urefu mpaka mbele, kisha uachie, ushuke chini na kurudi nyuma kwa kuzunguka, kama mkono wa mtu anayepiga kasia. Msukumo mmoja mrefu, kisha kiti kiachwe kitembee. Mabega ya mzee ndiyo miguu yake sasa. Yakiharibika hana mengine. Kugeuka ni rahisi: gurudumu moja hushikwa, jingine husukumwa. Penye nafasi ndogo, moja husukumwa mbele na jingine huvutwa nyuma kwa wakati mmoja, na kiti huzunguka pale pale.

Hayo ni ya mwenye mikono miwili mizima. Lakini mzee wa mwalimu wetu, kama wazee wengi waliopatwa na kiharusi, ana upande mmoja tu. Hapo ndipo watu hukata tamaa, kwa kuwa wamejaribu kumsukumisha gurudumu moja wakaona kiti chazunguka kama pia. Dawa yake ni mguu. Ondoeni kikanyagio cha upande ulio mzima, au kigeuzeni kando, ili mguu ufike chini. Mzee aweke kisigino mbele yake, avute sakafu kuja kwake, na wakati huo huo mkono wa upande ule ule usukume pete. Mkono hutoa nguvu, mguu husaidia na tena hushika usukani: kiti kikitaka kupotoka, mguu hukirudisha kwa kukanyaga kidogo upande wa pili. Siku za kwanza atakwenda upande kama kaa, acheni aende. Mkono uliopooza uwekwe juu ya mto mapajani, usije ukaning'inia na vidole vikaingia katika spoku. Na mguu uliopooza ubaki juu ya kikanyagio chake.

Lakini angalieni jambo moja. Ikiwa kiti ni cha juu mno, kisigino hakitashika chini, naye mzee atateleza mbele akikitafuta, mpaka aanguke. Watu wengine huondoa mto ili kumshusha. Msifanye hivyo. Viti vingi vina matundu ya kuhamishia magurudumu. Fundi aweza kukishusha kiti chenyewe na mto ukabaki mahali pake. Sisi tumeona mzee mmoja aliyesemwa na jamaa zake kuwa "amekataa kujifunza", kumbe kisigino chake kilikuwa kikipungukiwa na urefu wa vidole vitatu tu.

Jinsi ya kufundisha ni neno kubwa kuliko linalofundishwa. Mtoto hujifunza kwa kucheza, kijana kwa kushindana. Mzee hujifunza akijua ni kwa kusudi gani. Basi muulizeni kama yule mjukuu alivyouliza. Mmoja atataka kufika kwenye zizi la mbuzi, mwingine barabarani aamkiane na wapitao, mwingine chooni bila kumwita mtu, na huyo wa mwisho mara nyingi hatasema wazi, mpaka mmezoeana. Kusudi likijulikana, gawanyeni njia yake katika vipande, na kila kipande kiwe somo. Fundisheni asubuhi kabla ya jua kali, robo saa, kisha apumzike. Na jioni tena. Robo saa kila siku hushinda saa mbili za Jumamosi. Mwonyesheni kwanza, halafu nyamazeni ajaribu. Sisi wahubiri hukosa hapa, kwa kuwa tumezoea kusema. Lakini mtu anayejaribu jambo jipya kwa mikono hawezi kusikiliza maneno wakati huo huo. Mngojeni amalize, mwulizeni aliona nini, ndipo mseme neno moja, si manne. Pangeni mafiga matatu uani azunguke kati yake. Kesho yasogezeni karibu zaidi. Akiweza jambo moja katika siku tatu mbalimbali bila kukumbushwa, hesabuni kwamba amelipata.

Mzee anayesahau naye hufundishika kwa kiasi chake. Mfundisheni saa ile ile, mahali pale pale, kwa maneno yale yale, na mtu yule yule ikiwezekana. Hatayapata yote. Lakini mzee anayejua kufunga breki tu, na kukumbuka kuzifunga, ameokoka na maanguko mengi.

Kuhama kutoka kitini kwenda kitandani, na kurudi, ndipo penye hatari kubwa, na hapa twawasihi msome polepole. Kiti kisogezwe karibu na kitanda, kikielekea kidogo kwa pembe, si kwa kukabiliana. Breki zifungwe. Vikanyagio viinuliwe, mtu asivikanyage kamwe ili kusimama, kwa maana kiti kitapinduka mbele pamoja naye. Mzee ajisogeze mpaka ukingoni mwa kiti, nyayo zirudi chini ya magoti, ainame mbele mpaka pua yake iwe juu ya vidole vya miguu, ndipo asimame, ageuke, na kuketi polepole. Watu hudhani kuinama mbele ni kujitafutia kuanguka, kumbe asiyeinama ndiye anayerudi nyuma kwa kishindo.

Mwenye upande mmoja ahamie sikuzote kuelekea upande ulio mzima. Maana yake ni kwamba asubuhi akitoka kitandani kiti kiwe upande wake wa nguvu, na jioni akirudi kiti kigeuzwe, ili kitanda ndicho kiwe upande huo. Msaidizi asimame upande ulio dhaifu, alizuie goti lisikunjike, amshike kiunoni au kwa mshipi. Asimvute mkono uliopooza kamwe. Bega la mkono huo halina misuli ya kulishikilia, na likivutwa hutoka mahali pake, na maumivu yake hukaa miaka. Wala mzee asimning'inie msaidizi shingoni. Wataanguka wote wawili. Tumeona nyumba ambazo mke wa mzee, naye ana miaka 70, alikuwa akimbeba mumewe kwa kumkumbatia kila siku mpaka mgongo wake ukavunjika nguvu. Baada ya kufundishwa kuinama na kugeuka alisema, "Kumbe alikuwa akijua kusimama, mimi ndiye nilikuwa nikimkataza."

Choo cha shimo ni taabu ya kweli, wala hatutaki kusema maneno mepesi. Seremala aweza kufanya kiti cha mbao chenye tundu, cha kimo sawa na kile cha magurudumu, kikawekwa juu ya shimo. Na nguzo imara ya kushika ikasimamishwa upande wa mkono ulio mzima. Mlango wa choo uwe na upana wa kupitisha kiti, na ufunguke kwa nje, ili mzee akianguka ndani mlango usizuiwe na mwili wake.

Tena kuna kizingiti. Hesabu yake ni hii: kwa kila sentimita moja ya kimo, ubao wa kupandia uwe na sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 10 chataka ubao wa sentimita 120. Ukifupishwa, mzee hatapanda peke yake, na ataogopa kushuka. Pigilieni vijiti kando yake ili gurudumu lisitoke, na juu yake pasiwe laini, kwa ajili ya mvua. Akipanda, ainamishe kifua mbele na kusukuma kwa vipigo vifupi, hapo vifupi ndivyo vifaavyo. Akishuka, aegemee nyuma na kuziacha pete ziteleze. Mahali pa mchanga au udongo mwororo, ambapo magurudumu madogo huzama kama jembe, mara nyingi hupitika kwa kinyumenyume, kwa kuwa hapo gurudumu kubwa ndilo linalotangulia.

Msaidizi naye ana somo lake, na sisi tulilipata kwa gharama ya magoti ya mtu mwingine. Usikiguse kiti kabla ya kusema. "Bibi, shikamoo, nikusukume?" Naye akisema ndiyo, mwambie uendako. Mteremko mkali, teremka kwa kinyumenyume, wewe ukiwa chini na kiti kikikuegemea. Kama tungalijua hilo, mzizi ule usingalimwangusha mtu. Kupanda kidato, kiti kielekee mbele: kanyaga ile bomba fupi ya chuma iliyo nyuma chini, vuta mipini, magurudumu madogo yainuke na kutua juu ya kidato, halafu sogea mpaka makubwa yaguse, ndipo uyaviringishe kupanda. Kushuka kidato, geuza kiti, magurudumu makubwa yatangulie, yakishuka polepole huku yakigusa ukuta wa kidato. Wawili wakikibeba kiti ngazini, wasishike mikono ya kuegemea, kwani katika viti vingi huchomoka. Washike chuma kisichotoka.

Juu ya vidonda tutasema machache, ingawa vimeua wazee wengi. Mtu anayeketi kutwa hana budi kuyapunguzia matako uzito wake, kila nusu saa au mara nyingi zaidi: ainame mbele kifua kikaribie magoti, au aegemee upande mmoja kisha wa pili, akikaa hivyo kwa dakika moja au mbili. Kujiinua kwa mikono kwa nukta chache hakutoshi, tena huchosha mabega. Bibi yetu alijiwekea desturi ya kuinama kila kengele ya shule iliposikika, akisema naye anasoma. Jioni, ngozi ya matako, nyonga na visigino itazamwe. Vitabu vingi huandika kwamba alama ya kwanza ni wekundu; lakini katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani sikuzote. Tafuteni mahali palipozidi weusi, au palipo na joto, au pagumu kuliko pengine, nanyi mkipaona, mzee asipakalie mpaka parudi hali yake. Na pasiporudi kwa siku moja, mpelekeni zahanati.

Sasa twarudi kwa mwalimu aliyetuandikia. Kishusheni kiti darini leo hii. Tazameni kama panya hawakutafuna mipira wala mto. Jazeni matairi kwa pampu ya baiskeli mpaka yawe magumu chini ya kidole gumba. Tairi legevu humchosha mzee zaidi, tena breki haishiki tairi legevu, hata ikifungwa namna gani. Kazeni skrubu zote. Ondoeni nywele na nyuzi zilizojizungusha katika vyuma vya magurudumu madogo, kisha tieni mafuta kidogo. Pimeni kimo: kisigino chake cha kushoto chafika chini, mto ukiwapo? Kisipofika, msianze mpaka fundi amekishusha.

Kikifika, mketisheni, mfundisheni breki ya kushoto siku mbili. Na ile ya kuume fundi aitie bomba refu juu yake, ili aifikie kwa mkono huo huo mzima. Siku ya tatu ondoeni kikanyagio cha kushoto, ajaribu kisigino. Mwanawe mkubwa aliyesema baba ni mtu mzima mno, yeye ndiye awe msaidizi, si kijana wa jirani. Na kabla ya hayo yote mwulizeni mzee ataka kufika wapi, nawe tuandikie jibu lake.

Kiti kisilale nje usiku. Kuku hupenda sana kulala juu yake.